Mapenzi ya Mungu na Mapenzi ya Mtu: Niliyojifunza kwa Wasomaji Wenzangu

Mwaka 1984, nilipokuwa mwalimu wa sekondari mwenye umri wa miaka 26, mwenzangu mmoja wa kazi aliniazima riwaya ya Graham Greene, mwandishi Mwingereza Mkatoliki, iitwayo The End of the Affair, akaniambia kwamba ni kitabu cha mtu mwenye wivu. Hakujua alichokuwa akinipa. Mwaka mmoja kabla ya hapo mchumba wangu, ambaye mahari yake ilikwisha kupokelewa nyumbani kwetu, alikuja jioni moja akaniaga, akaenda kujiunga na watawa. Hakuniacha kwa ajili ya mwanamke mwingine, lakini kwa miezi mingi sikuliamini hilo, na mara mbili nilimpa mdogo wangu nauli ya basi aende akaulizie huko alikokuwa kama hapakuwa na msichana aliyekuwa akimtembelea. Mdogo wangu alirudi mara zote mbili na jibu moja: hakuna mtu, ni sala na kulima tu. Jibu hilo liliniumiza kuliko jibu nililoliogopa, kwa sababu msichana ningeweza kumwendea nikasimama mlangoni pake, ila aliyenipokonya mchumba sikuwa na mlango wa kumwendea isipokuwa ule wa kanisa, nami nilikwisha kuacha kuuingia.

Msomaji aliyekwisha kuisoma riwaya hiyo ataona mara moja kwa nini nilikesha nayo usiku mbili. Greene aliichapisha mwaka 1951. Anayesimulia ni Maurice Bendrix, mwandishi wa London, aliyempenda Sarah, mke wa mtumishi wa serikali aitwaye Henry Miles. Mwezi Juni 1944, makombora ya V-1 yalipoanza kuuangukia mji huo, nyumba waliyokuwamo ilipigwa, naye Sarah akamkuta Bendrix amelala chini ya mlango ulioanguka, akadhani amekufa. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwahidi Mungu asiyemwamini kwamba akimrudishia uhai mtu huyu, yeye atamwacha. Muda si muda Bendrix akaingia chumbani kwa miguu yake. Sarah akaondoka bila kumweleza neno, na mwaka mmoja na nusu hivi baadaye Bendrix, ambaye bado anaungua kwa wivu, anamkodi mpelelezi aitwaye Parkis amtafutie mpinzani wake. Parkis anaiba shajara ya Sarah, na katika shajara ile Bendrix anagundua kwamba mpinzani ni Mungu.

Nilimsoma Bendrix kama ndugu yangu. Pembeni mwa kurasa za shajara ya Sarah niliandika kwa penseli neno moja, tena na tena: mwongo. Nakala hiyo sikuirudisha kamwe kwa mwenyewe. Nilianza hata kumwandikia Greene barua ya kumuuliza kama naye alimwamini Sarah, maana wakati huo alikuwa hai, akiishi Antibes, kusini mwa Ufaransa. Barua hiyo haikufika posta, nami leo nashukuru, kwa sababu baadaye nilisoma maelezo yake mwenyewe juu ya mzigo aliotwishwa na wasomaji. Baada ya riwaya yake ya mwaka 1948, The Heart of the Matter, watu walimjia kwa barua na kwa miguu, mapadri wakiwa miongoni mwao, wakitaka awe mshauri wa roho zao, jambo ambalo hakuwa na uwezo nalo wala hakulitaka. Uchovu ule ulikwenda naye hadi Kongo mwaka 1959, kwenye kituo cha wagonjwa wa ukoma cha Yonda, na ukazaa riwaya nyingine ya mtu maarufu anayekimbilia huko ili asahauliwe, akaandamwa hata huko na mtu anayetaka kumfanya mtakatifu. Mimi pia ningekuwa mmoja wa waliomchosha.

Nilistaafu nikarudi Tanga, na mwaka 2019 tukaanza kukutana barazani kwangu, Chumbageni, kila Jumamosi baada ya alasiri, watu wanane tunaopenda vitabu. Kitabu hiki nilikipendekeza mimi. Kwa kuwa si wote waliosoma Kiingereza kwa wepesi, kila wiki nilitafsiri kurasa kadhaa kwa mkono katika daftari, tukazisoma kwa sauti. Niliwaambia kwamba ni kazi bora kuhusu wivu. Sikuwaambia habari ya mchumba wangu. Nilijipangia kuwaongoza kama nilivyowaongoza wanafunzi kwa miaka zaidi ya 30, nikiwa na majibu yangu mkononi.

Mmoja wetu, mzee wa kanisa, aliondoka Jumamosi ya pili. Alisema hawezi kukaa akisomewa uzinzi wa mke wa mtu huku kitabu kikimpeleka mwanamke huyo mbinguni. Wakati ule nilimwona ana moyo mgumu, lakini sasa nadhani alikuwa amekisoma kitabu kwa makini kuliko nilivyotaka kukubali, kwa sababu hilo hasa ndilo kitabu kinalothubutu kulifanya. Hata Roma ilimlaumu Greene mwaka 1953 kwa sababu ya riwaya yake ya awali kuhusu padri mlevi wa Mexico, na mwaka 1965 Papa Paulo VI alipokutana naye alimwambia kwamba baadhi ya sehemu za vitabu vyake zitawakwaza Wakatoliki siku zote, na kwamba asilitie moyoni hilo. Nilitamani kumsimulia mzee yule habari hiyo, ila hakurudi.

Waliobaki hawakujali sana wivu wa Bendrix. Walichokishika tangu siku ya kwanza ni nadhiri. Katika vitabu vya wahakiki wa Ulaya nilivyosoma, ahadi ya Sarah huelezwa kama jambo la ajabu, pengine la kichaa, linalohitaji kutetewa mbele ya msomaji wa kisasa. Barazani kwangu hapakuwa na mtu aliyehitaji kuelezwa nadhiri ni nini. Kila mmoja alikuwa ameiweka au alizaliwa ndani ya nyumba iliyoiweka. Mabishano yao yalihusu kama nadhiri ile ilifunga.

Maalim mmoja, jirani yangu anayefundisha chuoni watoto wa mtaa, alisema kwamba mtu hawezi kumwekea Mungu nadhiri ya jambo ambalo tayari ni wajibu juu yake. Kuacha zinaa ni wajibu, kwa hiyo Sarah hakumtolea Mungu kitu, alilipa deni tu. Mama mmoja anayeuza vitenge sokoni alimjibu kwa utulivu, "Maalim, na deni nalo huuma kulilipa." Karani mstaafu wa mahakama, aliyewahi kusoma seminari ujanani, akaleta Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1191, isemayo kwamba nadhiri iliyowekwa kwa hofu kubwa isiyo ya haki haina nguvu, akauliza ni hofu gani kubwa kuliko ya bomu. Hapo akaingia mjane wa katekista, mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tulimwita Mama Katekista. Alisema hofu inayobatilisha nadhiri ni ile ya mtu kukutisha ili uahidi, na kwamba hapakuwa na aliyemtisha Sarah. Alimwogopea mtu wake, na hofu ya namna hiyo ndiyo inayojaza makanisa na misikiti kila palipo na mgonjwa.

Nilijaribu kuwarudisha kwa Bendrix. Nilisema ametendewa vibaya, kwamba mtu aliyeachwa bila maelezo ana haki ya kutafuta maelezo, kwamba kumkodi mpelelezi ni aibu lakini inaeleweka. Nilisema hivyo Jumamosi hiyo na ile iliyofuata. Mwishoni Mama Katekista akanitazama akasema, "Mwalimu, huyu bwana unamtetea kama mtu aliyeibiwa pamoja nawe." Hakusema kwa ukali. Kisha akaongeza kwamba katika kitabu cha Kutoka Mungu mwenyewe amejiita Mungu mwenye wivu, kwa hiyo pengine wenye wivu katika hadithi hii ni wawili, nasi tunamsikia mmoja tu. Sikuwa na jibu. Nilifunga daftari nikasema muda umekwisha, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Yaliyonibadilisha kabisa, hata hivyo, yalikuja kwa njia ya tafsiri. Riwaya hii imejengwa juu ya neno moja la Kiingereza, love, ambalo hutumika kwa mwanamume na mwanamke kitandani na kwa Mungu na mwanadamu vilevile, na Sarah katika shajara yake husogea kutoka maana moja hadi nyingine bila kubadili neno, hata msomaji asijue mpaka uko wapi. Kiswahili kimetupa maneno mengi mahali hapo: mapenzi, mahaba, huba, ashiki, upendo. Mimi nilifanya kama wafanyavyo wengi waliolelewa kanisani. Kila palipohusu Bendrix niliandika mapenzi, na kila palipohusu Mungu niliandika upendo. Sikufikiri. Kalamu ilikwenda yenyewe, na kwa kwenda kwake ilikuwa imekwisha kukata shauri ambalo mwandishi alitaka liumize msomaji hadi ukurasa wa mwisho.

Maalim ndiye aliyeligundua. Aliuliza kama mwandishi mwenyewe ametumia maneno mawili, na nilipokiri kwamba ametumia moja, akasema basi nimemwekea mwanamke yule ukuta ambao yeye hakuwa nao. Ndipo akatusimulia kisa cha Laila na Majnuni kama alivyokitunga mshairi Nizami wa Ganja mwaka 1188. Qays wa Banu Amir alizidiwa na mahaba hata watu wakamwita Majnun, na ndilo neno lile lile tunalolisema tunapomwita mtu majununi. Baba yake alimpeleka Makka, akamwambia aishike Kaaba amwombe Mwenyezi Mungu amponye. Qays akaishika Kaaba akaomba azidishiwe mahaba, na hata umri wake upunguzwe uongezwe kwenye umri wa Laila. Maalim alisema kwamba tangu kale wasomaji wa kisa hicho wamegawanyika: wapo waliokisoma kama onyo kwa vijana, na wapo masufi waliosema kwamba Laila ni pazia, na kwamba anayeitwa nyuma ya pazia ni Mola. Yeye binafsi hakutaka kuchagua. Alisema kinachomgusa ni kwamba baba alimpeleka mwanawe mahali panapostahili, akaomba dua inayostahili, na jibu likaja kinyume, na bado hakuna msomaji anayesema kwamba Qays hakuomba.

Mama Katekista alikuwa akisikiliza huku macho ameyafumba. Akasema, "Lakini Mwalimu, mbona sisi kila siku tunasema *mapenzi yako yatimizwe*? Hatusemi upendo wako. Tunasema mapenzi." Karani akamsahihisha kwa heshima kwamba katika Baba Yetu mapenzi maana yake ni matakwa, lile ambalo Mungu ameliazimia. Akajibu, "Najua ni matakwa, baba. Lakini waliotuandikia sala hawakuona aibu kutumia neno ambalo vijana huimbiana. Na mimi nilipofiwa na mume wangu, nikiambiwa ni mapenzi ya Mungu, nilikuwa nasikia yote mawili."

Nimefundisha lugha hii maisha yangu yote, na nimesali sala hiyo tangu utotoni. Sikuwahi kuyasikia yote mawili. Sababu ya kutoyasikia naijua. Katika barua ya kurasa 4 aliyoniandikia mchumba wangu mwezi mmoja baada ya kuondoka, kulikuwa na sentensi isemayo kwamba ameyakubali mapenzi ya Mungu, na mimi tangu siku hiyo nililichukia neno hilo linapotajwa pamoja na jina la Mungu. Nililisikia kama amri ya serikali, kama barua ya uhamisho inayomhamisha mtu bila kuulizwa, na yeye nilimwona kama mtu aliyejificha nyuma ya amri ili asiseme kwamba amenichoka. Halikunipitia kamwe wazo kwamba huenda alikuwa akinieleza, kwa neno la pekee alilokuwa nalo, kwamba amependa.

Jumamosi iliyofuata nililetewa somo lingine. Sauti yangu ilikuwa imekauka kwa mafua, kwa hiyo nilimpa daftari muuguzi kijana, mdogo kuliko wote, atusomee sehemu ya shajara. Nilikuwa nimeifuta tofauti ile ya maneno usiku uliotangulia, kila mahali nikaandika mapenzi. Muuguzi alisoma polepole, bila kuigiza, kama asomavyo mtu cheti cha mgonjwa mbele ya daktari. Sarah anaandika kwamba anamtaka Bendrix, kwamba hataki Mungu huyu, kwamba anaitafuta hoja itakayomwondolea ahadi yake. Anakwenda hata kwa Smythe, mtu anayehubiri uwanjani kwamba hakuna Mungu, akimwomba kimoyomoyo amshawishi, na kila hoja yake inamrudisha alikotoka. Kurasa hizo nilizisoma pengine mara 20 katika miaka 35, nikiwa na penseli, nikitafuta uongo. Kuzisikia kutoka kinywani mwa msichana ambaye hakuwa na kisa na mtu yeyote kati yetu kulinionyesha kwamba hapana mahali ambapo Sarah anadai kuwa na furaha ya kumwacha yeyote. Anateseka kwa lugha ileile niliyoteseka nayo mimi. Nilikuwa nimemsoma kwa macho ya aliyeachwa, na sikujua kwamba anayeondoka naye huweza kuwa ameachwa na kitu.

Kuhusu miujiza ya mwisho wa kitabu nilikuwa na msimamo wa mwalimu. Baada ya Sarah kufa, mtoto wa Parkis anapona maumivu ya tumbo baada ya kuguswa na marehemu katika ndoto na kupewa kitabu chake cha utotoni. Smythe, aliyekuwa na alama kubwa nyekundu usoni, anasafika uso baada ya kubaki na nywele za Sarah. Na mama yake Sarah anafichua kwamba alimbatizisha kwa siri binti yake akiwa na miaka 2, akitumaini ubatizo ungemshika kama chanjo. Niliwaambia kwamba wahakiki wengi wanaiona sehemu hii kuwa dhaifu, na kwamba Greene mwenyewe baadaye alijutia alama ile ya Smythe, akaibadilisha katika toleo la baadaye kuwa ugonjwa wa ngozi ambao ungeweza kutokana na mishipa ya fahamu, ili mwenye kutaka maelezo ya kitabibu ayapate.

Nilitarajia wakubali. Muuguzi alikuwa ameduwaa kwenye neno chanjo. Alisema ndilo jambo la kweli kuliko yote kitabuni, kwa kuwa yeye huwachanja watoto wanaolia na wasiojua wanapewa nini, na miaka hupita kabla ya kinga kujulikana kama ipo. Mama wa vitenge alisema kwamba mtoto wa Parkis si muujiza kwake, ni habari ya kawaida ya nyumba yoyote yenye mgonjwa, anaweza akawa amepona kwa dua au kwa dawa na mama hulipa kotekote. Mama Katekista peke yake ndiye aliyesikitika. Aliniuliza, "Aliogopa nini, mpaka akaubadilisha uso wa yule bwana?" Nikaeleza juu ya ustadi wa riwaya, juu ya msomaji asiyeamini anayehitaji kuachiwa nafasi. Akatikisa kichwa. Alisema msomaji asiyeamini alikwisha kupewa nafasi ya kutosha, kitabu kizima kinasimuliwa na yeye.

Neno hilo nimelitafakari sana tangu hapo. Ni kweli. Kila tunachokijua juu ya Sarah kimepita mikononi mwa mtu anayesema wazi tangu mwanzo kwamba anaandika habari za chuki. Nilichokiita udhaifu wa ufundi kilikuwa ni mahali ambapo dunia inaanza kumponyoka msimulizi, na mimi, kwa kuwa nilikuwa upande wake, niliona kitabu ndicho kinachoponyoka.

Nilimweleza Mama Katekista habari ya mchumba wangu tukiwa wawili tu, nikimsindikiza kituoni. Hakuonyesha kushangaa. Aliuliza kama yu hai, nikamwambia alifariki mwaka 2011, na kwamba barua yake sikuijibu. Akauliza kama bado ninayo. Ninayo.

Tulimaliza kitabu mwezi Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza, viti tumevisogeza ndani ya varanda. Kitabu kinaishia kwa dua ya Bendrix, dua ya mtu anayemwambia Mungu kwamba amekwisha kumnyang'anya vya kutosha, kwamba yeye amechoka na amezeeka mno kujifunza, amwache. Usiku uliotangulia nilikaa na sentensi hiyo kwa muda mrefu nikiwa na hofu ya kuchagua tena vibaya kati ya upendo na mapenzi. Nilipoiandika ndipo nilipoona kwamba Kiingereza hapo kimetumia kitenzi, na kitenzi chetu ni kimoja. Kupenda ni kupenda, apendwaye awe nani. Hapakuwa na cha kuchagua.

Niliisoma kwa sauti: nimechoka na nimezeeka mno kujifunza kupenda. Mama Katekista akaniomba niirudie, nikairudia, na mara ya pili sikumsomea Bendrix.